Mtengenezaji Filamu Aliyekabidhiwa Mkasi

Ndugu askari na polisi mnaotusikiliza Kinanira na kwenye vituo vyote vya Bujumbura, mazungumzo yetu leo yahusu mamlaka ya kukataza. Mfano wake watoka India.

Mwezi wa Januari 2015 Serikali ya huko ilimteua Pahlaj Nihalani kuongoza Bodi ya Ukaguzi wa Filamu. Yeye mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa filamu, na wimbo mmoja wa filamu yake Andaz, ya mwaka 1994, ulilaumiwa kwa mafumbo machafu. Alipokalia kiti, hata busu la James Bond lilifupishwa!

Mwaka 2016 ikaletwa Udta Punjab. Humo polisi apokea hongo ili malori ya dawa za kulevya yapite, kisha mdogo wake mwenyewe anaswa na uraibu wa dawa hizo hizo. Bodi ilitaka ikatwe mahali pengi, hata jina la Punjab lifutwe. Kwa maoni yetu, filamu hiyo haikuwatukana polisi; iliwaonya. Mahakama Kuu ya Bombay iliamuru kikatwe kipande kimoja tu, nayo ikaonyeshwa Juni 17. Agosti 2017 Nihalani akaondolewa, kiti akapewa mtunzi Prasoon Joshi.