Usingoje Gari la Kliniki

Msikilizaji wa Rubavu, mtoto anaharisha? Usingoje siku ya gari la kliniki. Nenda sasa hivi kwa mhudumu wa afya wa kijijini kwako, yule tunayemwita umujyanama w'ubuzima. Atakupa ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Koroga ORS kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya.

Nanyi mnaovuka Petite Barrière kwenda Goma, mlizoea kunawa pale mpakani wakati wa Ebola ya 2019. Ili kuzuia kuharisha, naweni hata nyumbani, kwa sabuni. Na maji ya Ziwa Kivu, hata yakimeremeta, yachemsheni.

Nasema tena: mtoto akiharisha, usingoje gari. Mgongee mhudumu wa afya, hata usiku.