NDEGE ZA WATU NA VITA VYETU
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Msangano



Mkutano uliopita mzee wetu mmoja alituuliza: "Mwasema nchi ilikuwa na ndege za vita mwaka 1978. Mbona basi vijana walikwenda Kampala kwa miguu?" Siku ile hatukumjibu vizuri. Leo tunamjibu.

Ndege zile hatukuziunda sisi. Baada ya Uhuru, Wajerumani wa Magharibi walianza kutufundishia marubani. Mwaka 1965 wakaondoka kwa hasira, eti kwa sababu tuliwapokea Wajerumani wa Mashariki. Wakaja Wakanada na ndege za kubeba mizigo, Caribou na Otter. Ndege za kupigana tulizipata kwa China: F-6, na F-7 iliyofuata mfano wa MiG-21 ya Warusi. China ikatusaidia na kiwanja cha Ngerengere. Ni hao hao waliopitisha reli hapa kwetu Tunduma, na shukrani yao haina mjadala.

Amin naye alikuwa na MiG za Warusi. Mwezi Oktoba 1978 zilitupa mabomu Bukoba na Kyaka. Lakini sikilizeni habari ya daraja la Kyaka. Ndege zake zilijaribu kulivunja zikashindwa. Mwisho likavunjwa na baruti iliyotegwa kwa mikono ya watu! Na vita ilipopamba moto, Warusi wakamwondolea wataalamu wao na kusimamisha silaha. Mali ya kupewa ina mwenyewe.

Sisi je, tulikuwa malaika? La. Musoma, ndege zetu ziliangushwa na walinzi wetu wenyewe, wakidhani ni za adui. Tunalisema hili waziwazi, maana marubani wale walikuwa watoto wa watu, na chama kinachoficha misiba yake hakistahili kuaminiwa.

Libya nayo ilileta ndege kubwa ya mabomu, Tu-22, mwezi Machi 1979, iipige Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Ndege ilikuwa ya ajabu; kulenga ndiko kulikokosekana.

Basi mzee wetu, jibu ni hili. Ndege zetu zilisaidia, lakini zilikuwa chache, na kila msumari wake ulitoka ng'ambo. Aliyeingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 ni askari wa miguu, pamoja na mgambo waliotoka vijijini kama hapa.

Sasa tunawauliza nanyi. Wakati wa kuvuna mpunga, ni watoto wangapi wa Msangano wanaoondolewa darasani, na hesabu yao ikaishia hapo? Fundi wa ndege hapatikani shambani. Katibu anayo daftari ya mahudhurio hapa mezani. Wazazi wasogee mbele, tusome jina moja moja.