Sakafu Kwanza: Kumjengea Simbilisi Banda Nyumbani Hapa Kigali



Mtu wa Kigali akiagiza banda la simbilisi, mara nyingi hutengenezewa banda la sungura. Fundi hana ubaya wowote. Sungura ndiye mnyama mdogo aliyezoeleka nchini, na banda lake linajulikana: limeinuliwa kwa miguu, sakafu yake ni ya fito au ya wavu ili kinyesi kidondoke chini, na mara nyingine vyumba vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ni banda zuri kwa sungura. Kwa simbilisi ni banda linalomuumiza. Nitatumia sehemu kubwa ya muda niliopewa kueleza sababu, kwa kuwa mwenye kuijua sababu hatahangaika kukariri vipimo. Atavipata mwenyewe kwa mbao alizonazo.

Simbilisi asili yake ni milima ya Andes. Watu wa nchi ambazo leo tunaziita Peru, Bolivia na Ekwado walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita, kwa nyama na kwa ibada, na katika karne ya 16 Wahispania wakamfikisha Ulaya, ambako akawa kipenzi cha watoto. Kwetu Maziwa Makuu, jirani zetu wa Kivu ndio wanaomfuga zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Bukavu, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT na aliyekuwa bingwa wake, Brigitte Maass, wameandika mengi juu ya ufugaji huo: simbilisi wanaachwa huru jikoni, wanakula maganda na majani, na mara nyingi mtoto ndiye mchungaji wao. Familia nyingi za hapa zina ndugu ng'ambo ya Ruzizi na zimeyaona hayo kwa macho. Mimi leo sizungumzii simbilisi wa chunguni. Nazungumzia wawili au watatu ambao mtoto wa Nyamirambo au Kimironko amewapa majina na anataka kuishi nao kwa miaka, maana simbilisi aliyetunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 8.

Jiko la Kivu lina makosa yake, na nitayafikia. Lakini lina jambo moja ambalo banda la sungura halina: sakafu pana. Wafugaji wa Peru walioacha kuwafugia simbilisi jikoni hawakuitupa sakafu hiyo. Mtafiti wao Lilia Chauca, katika kitabu kilichotolewa na FAO mwaka 1997, anaeleza vyumba vilivyojengwa chini kwa matofali, vyenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na kuta za sentimita 45 tu. Angalieni ukuta huo. Mnyama mwenye uzito wa karibu kilo moja anazuiwa na ukuta usiofika goti la mtu mzima, kwa sababu haruki juu wala hapandi. Maisha yake yote yako chini. Akiogopa hukimbia akifuata ukuta, akifurahi hukimbia kwa duara na kurukaruka papo hapo, akichoka hujilaza kwenye kona yenye giza. Ukimpa banda refu la kwenda juu umempa hewa asiyoitumia. Mpe urefu wa kulala, utakuwa umempa mahali pa kuishi.

Kisha kuna nyayo. Nyayo za simbilisi hazina manyoya kama za sungura. Ni ngozi tupu. Akisimama juu ya wavu siku nzima, uzito wake wote unabebwa na nyaya chache. Ngozi inakuwa nyekundu, inavimba, inapasuka, na mkojo unaingia kwenye kidonda. Kidonda hicho kikiachwa hufika kwenye mfupa. Fito nazo zina hatari nyingine: mguu mdogo hupenya kwenye mwanya, mnyama anashtuka, anavuta, na mfupa unavunjika. Niseme hapa hapa jambo ambalo si la useremala, kwa sababu limeua simbilisi wengi waliokuwa na kidonda kidogo tu: msichukue dawa ya antibaiotiki iliyobaki ya mtu au ya kuku mkampa. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, huua bakteria wazuri wa utumbo wake na kumwacha afe kwa kuhara. Kidonda kionwe na daktari wa mifugo, na wavu uondolewe sakafuni.

Sasa ukubwa. Uswisi ina kanuni ya ulinzi wa wanyama iliyoanza kutumika mwaka 2008. Kanuni hiyo inakataza kumfuga simbilisi peke yake, kwa kuwa ni mnyama wa kundi, na inataka wawili wapewe angalau nusu mita ya mraba. Hicho ni kiwango cha sheria, yaani chini yake una kosa. Mimi napendekeza mara mbili ya hapo: sentimita 150 kwa 70, ambayo ni zaidi kidogo ya mita moja ya mraba. Wawili watakimbia, na wakigombana kila mmoja atapata upande wake.

Kipimo hicho sikukichagua kwa sababu ya wanyama peke yao. Kinatoka vizuri kwenye plaiwudi moja ya kawaida, ile ya sentimita 244 kwa 122. Kata kwanza urefu wa 150. Kutoka kwenye kipande hicho toa sakafu ya 150 kwa 70. Ukanda unaobaki una upana wa 52, nao utatoa ukuta wa nyuma wa 150 kwa 40. Kipande cha pili, cha 94 kwa 122, kinatoa kuta mbili za pembeni za 70 kwa 40, na bado utapata ubao wa tatu wa kipimo hicho hicho. Usiutupe, nitawaambia kazi yake. Mabaki mengine yanatosha kibanda kimoja cha kujificha. Upande wa mbele hauhitaji plaiwudi, ni wa wavu, ili hewa ipite na mtoto awaone. Unene wa milimita 12 unatosha, na chini ya sakafu piga mbao mbili za kuishikilia isibonyee katikati.

Kuhusu mbao za fremu na miguu, mti wowote mkavu unafaa, mradi haukupakwa kitu. Simbilisi hutafuna, kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Kwa hiyo ile desturi ya kupaka mbao oili chafu ya gari ili mchwa wasizile haifai hapa hata kidogo, wala rangi ya zamani, wala nguzo zilizolowekwa dawa. Mkaratusi ni mgumu na hupindika usipokauka. Msunobari ni mwepisi kwa msumeno. Chagueni kwa mfuko na kwa ujuzi wa fundi.

Adui mkubwa wa banda la mbao ni mkojo. Plaiwudi isiyofunikwa itanywa mkojo, itavimba na kunuka, na baada ya muda hakuna sabuni itakayoiokoa. Ulaya na Marekani wafugaji wengi hutumia karatasi ngumu za plastiki zenye mifereji ndani, zile za mabango, wakazikunja ziwe kama sinia kubwa lenye kingo. Hapa ninachokiona rahisi ni kipande cha zulia la plastiki, lile la kutandika sakafuni, na wauzaji huwa na vipande vilivyobaki. Likatwe kubwa kuliko sakafu ili lipande kutani sentimita 15 kila upande, likunjwe kwenye kona bila kukatwa, na ukingo wa juu ushikwe na ubao mwembamba ili meno yasipate pa kuanzia. Hilo litafutwa na kuoshwa kwa miaka. Mambo ya kutandika mifuko ya plastiki na kuitupa kila juma hayana nafasi katika nchi iliyoipiga marufuku tangu 2008, na sioni kwamba tumepoteza chochote.

Juu ya zulia weka maranda ya mbao. Yapo bure au karibu bure kwa maseremala wa Agakiriro ka Gisozi, ila uchague. Maranda mabichi ya msunobari au saipresi yenye harufu kali yanawasha mapafu; yaanike juani mpaka harufu iishe. Unga wa mbao usitumike, vumbi lake linaingia machoni na puani. Pumba za mpunga ni nyepesi na zina ncha, kwa hiyo kama ndizo ulizonazo ziweke chini, halafu juu tandika nyasi kavu kwa wingi. Nyasi hizo ni kitanda na ni chakula. Zikatwe na kukaushwa wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, zihifadhiwe mahali pasipovuja, kwa sababu nyasi zilizoota ukungu wakati wa mvua ni sumu, si malisho.

Wavu wa mbele na wa mfuniko uwe ule uliochomelewa, wenye matundu ya sentimita 1.25 hivi. Wavu wa kuku hauzuii kitu: mbwa anaurarua, na panya anapita kwenye matundu yake. Mfuniko ni wa lazima hata kama simbilisi hawezi kutoka, kwa sababu paka anaweza kuingia. Panya ndiye wa kuogopwa zaidi usiku, hasa simbilisi wakiwa na watoto. Ncha za nyaya zikunjwe na kufunikwa kwa ubao. Mfuniko wote ufunguke kwa bawaba upande wa nyuma, mtoto aweze kusafisha kila kona bila kuingiza kichwa kwenye tundu, na ufungwe kwa komeo, si kwa kamba.

Miguu ya sentimita 40 inatosha. Kigali ni mji wa vilima, na mvua ya Machi hadi Mei hupita uani kama mto. Banda la chini kabisa litalowa. Mahali penye siafu, kila mguu ukae ndani ya kopo lenye maji.

Liwekwe wapi? Hali ya hewa yetu inatusaidia. Mji uko juu ya mita 1,500, na wastani wa joto ni nyuzi 20 hivi, kiwango anachokipenda simbilisi. Anachoshindwa ni joto linalopita nyuzi 30, nalo linapatikana kirahisi chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana. Baraza lenye kivuli, ukuta wa nyuma wa banda ukiwa umeelekezwa upande mvua inakopigia, ni mahali pazuri. Jikoni hapana. Hapo ndipo kosa la jiko la Kivu: moshi wa kuni na hewa ya mkaa wa jiko la imbabura vinamkuta mnyama mwenye mapafu madogo, tena chini kabisa, mchana na usiku. Chini ya mparachichi pia hapana, na najua uani kwetu ndio mti wa kivuli. Majani ya parachichi yana sumu kwa simbilisi, na upepo hauchagui pa kuyaangushia. Mafundi wanaonisikiliza, mwulizeni mteja banda litakaa wapi kabla ya kukata ubao wa kwanza.

Ndani ya banda hapahitaji mapambo, panahitaji maficho. Huyu ni mnyama anayeliwa na wengine, na mwili wake unajua. Asipokuwa na pa kujificha atakaa ameganda, na watu watasema ni mpole. Kila mmoja awe na kibanda chake, na kila kibanda kiwe na milango miwili, ili mwenye nguvu asimzibie mwenzake ndani. Sanduku la kadibodi linafaa mpaka litakapotafunwa. Mtungi uliovunjika mdomo, kingo zake zikisuguliwa, hudumu na huwa na ubaridi mzuri mchana. Bakuli la maji liwe la udongo, zito, lisipinduke.

Chakula kina mada yake, kwa hiyo nitataja kinachohusu banda tu. Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, kama wetu, kwa hiyo acheni nafasi ya kuweka mboga mbichi kila siku mbali na kona ya choo: pilipili hoho, kipande cha pera, majani ya viazi vitamu. Majani ya viazi mviringo yasiingie kabisa.

Nimewaahidi kazi ya ule ubao wa 70 kwa 40. Ni kizuizi. Pigeni vijiti viwili kwenye kila ukuta mrefu, mbele na nyuma, viache mfereji, na ubao uteremke katikati kama mlango wa mfereji wa maji. Dume wa wiki tatu anaweza kupandisha. Jike hubeba mimba siku 68 hivi, na anaweza kushika nyingine saa chache baada ya kuzaa. Nyumba iliyotaka simbilisi wawili inajikuta na kumi, nao kumi hao wanarudi kwenye banda la wawili. Anayetaka vipenzi tu na achague majike wawili. Mwenye dume na jike ashushe ubao tangu siku ya kwanza, na asisubiri kuona dalili.

Usafi ni kazi ndogo ikigawanywa: maranda yaliyolowa kwenye kona yatolewe kila siku, yote yabadilishwe kila juma. Yanayotoka ni mbolea nzuri kwa bustani ya mboga ya nyumbani, akarima k'igikoni. Yarundikwe na mabua na majani makavu kwanza mpaka yaoze, kisha yawekwe kwenye mchicha na kabichi.

Plaiwudi mbili zipo nje, pamoja na wavu, bawaba na zulia. Naomba tukitoka tugawanyike makundi mawili, na kila kundi liwe na mwalimu au mzazi mmoja ambaye hajawahi kushika msumeno. Fundi apime, yeye akate.