Noti, Korosho na Bitcoin

Kama una noti ya Tanzania karibu, itoe uisome. Imeandikwa: fedha halali kwa malipo ya shilingi kadha wa kadha. Maneno hayo ndiyo somo letu la leo.

Sasa mkono wa pili shika korosho. Korosho ni mali: ina bei, hupigwa mnada, hutozwa ushuru. Lakini ukidaiwa dukani, huwezi kumlazimisha mwenye duka apokee korosho. Akikubali, ni hiari yake. Noti ndiyo inayofuta deni kwa nguvu ya sheria.

Je, Bitcoin na sarafu nyingine za mtandaoni ziko mkono upi? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba si fedha halali nchini, na kwamba kuzinunua, kuziuza na kuzinadi ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hiyo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali.

Hapo ndipo dalali wa sarafu hizo anapopata la kusema: "Serikali inatoza kodi, basi ni fedha kamili!" Sivyo. Sheria ya kodi imeziita mali. Imeziona kama inavyoiona korosho. Yale maneno ya kwenye noti haikuziandikia.

Wenzetu nao wametofautiana. El Salvador, mwaka 2021, ilikuwa nchi ya kwanza kuifanya Bitcoin fedha halali. Mwaka 2025 ikafuta ulazima wa wafanyabiashara kuipokea. China iliipiga marufuku biashara ya sarafu hizo mwaka 2021. Kenya, mwaka 2025, ilitunga sheria ya kuwapa leseni wanaoiendesha.

Kwa hiyo, akija mtu kukuomba fedha za mauzo ya korosho akuzalishie mtandaoni, muulize: Leseni kakupa nani? Namba ya siri atashika nani? Nikitaka shilingi zangu kesho, nazipata wapi? Na bei ikianguka? Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000.

Akibabaika, irudishe noti mfukoni.