Kinyama Baada ya Upasuaji: Uvimbe wa Rabdoidi wa Ubongo kwa Watoto Wadogo

Mada kwa semina ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara

Utangulizi

Washiriki wanafahamu kwamba uvimbe wa ubongo ni seli zilizoota bila mpangilio ndani ya fuvu, kwamba tiba yake ni upasuaji, dawa za saratani yaani kemotherapi, na mionzi, na kwamba mtoto anayetapika kila asubuhi au kuyumba akitembea hapaswi kuendelea kutibiwa malaria na minyoo. Kwa hiyo mada haitakaa hapo.

Uvimbe unaozungumziwa

Uvimbe wa rabdoidi, unaojulikana kwa kifupi cha ATRT, ni adimu, huota kwa kasi, na huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 3. Kabla ya kuelezwa kuwa ugonjwa wa peke yake mwaka 1987, mara nyingi ulihesabiwa kuwa meduloblastoma, uvimbe mwingine mbaya wa utotoni. Mwaka 1998 ilibainika kwamba chanzo chake kikubwa ni kuharibika kwa jeni ya SMARCB1, inayotengeneza protini ya INI1. Ndiyo maana kipimo chake ni rangi ya kingamwili, ambayo viini vya seli za uvimbe huu haviishiki ilhali seli za mishipa ya damu jirani huishika. Kuutofautisha na meduloblastoma hubadilisha tiba, kwani rabdoidi hudai kemotherapi kali zaidi, nyingine ikipitishwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na hata panapotibiwa ipasavyo watoto wengi hufariki.

Kinyama kinapotoka chumba cha upasuaji

Upasuaji hupunguza uvimbe na msukumo wa maji kichwani, lakini jina la ugonjwa hutoka kwenye kinyama, na hapo ndipo kazi ya saa nyingi hupotea. Pande la uvimbe hutumbukizwa zima katika kichupa chenye mdomo mwembamba, fomalini ikilifunika tu badala ya kufikia mara 10 ya ujazo wake, hivyo nje huhifadhika na ndani huoza. Fomu huandikwa "uvimbe wa ubongo" bila umri wa mtoto, ingawa umri pekee ungetosha kumfanya mtaalamu wa patholojia aishuku rabdoidi. Kisha kichupa husubiri malipo, husubiri gari, husubiri kingamwili iliyokwisha. Na kinyama kilichokaa wiki kadhaa ndani ya fomalini huweza kukataa rangi hata pale protini ilipo. Mada hii haikusudii kuinyooshea kidole idara yoyote, kwani kila moja ina uhaba wake; hata hivyo ni vigumu kueleza kwa nini hospitali inayomudu darubini ya upasuaji ikose chupa yenye mdomo mpana. Wakati huo uvimbe huota tena, na mtoto aliyeruhusiwa akinyonya vizuri hurudi akiwa dhaifu kiasi cha kutostahimili dawa.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba chupa pana na fomalini ya kutosha ziwekwe tayari kabla mtoto hajalazwa mezani, muuguzi wa zamu aandike saa kinyama kilipotumbukizwa, na fomu isiyo na umri wala mahali uvimbe ulipotoka irudishwe siku hiyohiyo.

Gharama ya kipimo cha INI1 iingizwe katika gharama ya upasuaji, ili familia isidaiwe mara ya pili ikiwa imekwisha kuuza ilichonacho. Kingamwili inunuliwe kwa pamoja na hospitali za rufaa, kwa kuwa hospitali yenye wagonjwa wachache huishia kuiona ikipita muda wake.

Mpasuaji, daktari wa saratani za watoto na mtaalamu wa patholojia wakutane kila wiki, hata kwa simu, na mtoto asiruhusiwe bila tarehe ya majibu.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka 2018 unalenga angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030. Rabdoidi haimo katika saratani 6 za kipaumbele, jambo linaloeleweka, lakini glioma ya daraja la chini imo, na kinyama chake hupita njia ileile.

Kemotherapi ya kiwango cha juu inayofuatiwa na kurudishiwa seli shina itasubiri bajeti. Idara zinaombwa zianze na chupa na fomu, ambazo hazihitaji idhini ya Wizara.