JINSI NDEGE APIMAVYO MAHALI PA KUTUA



Mtu apitaye njia kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega, akifika Mukumu, huweza kuona njiwa wakishuka kutoka mikaratusini kuja kuokota mahindi yaliyoanikwa uani. Jambo hilo ni la kila siku, hata hapana alitazamaye. Lakini njiwa akikosea kidogo tu katika kushuka, huenda akagonga tawi na kuvunjika bawa, na ndege wa namna hiyo haponi mbele ya paka na mwewe.

Basi hupimaje mwendo wake? Macho ya njiwa yako kando ya kichwa, moja huku na moja huku. Faida yake ni kwamba humwona adui ajaye karibu kutoka pande zote. Hasara yake, sehemu ionwayo na macho mawili kwa pamoja ni nyembamba. Tena macho hayo hayageuki sana kama ya binadamu, kwa hiyo shingo haina budi kusaidia. (Bundi, ambaye watu humchukia bure, macho yake karibu hayageuki kabisa, hugeuza shingo kiasi cha digrii 270.)

Njiwa atembeapo hukitupa kichwa mbele, kisha hukituliza palepale mpaka mwili ukifuate. Katika utulivu huo ndipo aonapo vyema. Wengi hudhani kwamba anaitikia kama mtu akubaliye neno, wala sivyo. Mwaka 1978, huko Kanada, mtaalamu Barrie Frost alieleza jinsi njiwa alivyotembezwa juu ya mkanda uendao kinyume: miguu ilikwenda, lakini kwa kuwa vitu vya kando havikusogea machoni pake, kichwa kilitulia.

Hata angani, akaribiapo kutua, njiwa hukitupa kichwa na kukituliza vivyo hivyo. Tawi lisogealo huonekana kukua, na likuapo upesi zaidi, wakati uliobaki huwa mchache. Yaelekea kwa kipimo hicho, wala si kwa kuhesabu futi, hujua lini atandaze mkia, ainue kifua na kutanguliza miguu.

Ila kioo humshinda. Dirisha likionyesha kivuli cha miti na mbingu, ndege hudhani njia ni wazi, akajipiga na kufa. Mwenye nyumba aweza kutundika nyuzi upande wa nje wa kioo, kila mmoja uachane na mwenziwe kwa sentimeta 5. Pazia la ndani halitoshi, kwani kivuli hubaki nje.