Mcheza Mpira Aliyeanza Upya: Mazungumzo na Wanakisomo

Leo tuzungumze juu ya mtu mmoja wa Ujerumani. Jina lake Joachim Deckarm. Alizaliwa mwaka 1954 katika mji wa Saarbrücken. Kazi iliyomtangaza ni mpira wa mikono.

Mpira huu si ule wa pete wanaocheza dada zetu. Huu una magoli mawili yenye nyavu, na kila upande una watu 7, pamoja na mlinda mlango. Mpira hushikwa na kurushwa kwa mkono. Wenzetu wa Ulaya huucheza ndani ya jengo, juu ya sakafu. Sakafu hiyo tuikumbuke, maana tutarudi kwake.

Mwaka 1973 Deckarm aliingia timu ya mji wa Gummersbach. Mji wenyewe ni mdogo, lakini timu! Ilichukua ubingwa wa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1974, 1975 na 1976. Mwaka 1974 ikachukua na kombe la mabingwa wa Ulaya. Katika timu ya taifa Deckarm alicheza mara 104, akafunga magoli 381. Hebu gawanya mwenyewe: ni zaidi ya magoli 3 kila mchezo. Mwezi wa Februari 1978, huko Copenhagen, Denmark, Wajerumani waliwashinda Warusi na wenzao wa Sovieti 20 kwa 19, wakawa mabingwa wa dunia. Wengi walisema hakuna mchezaji wa kumpita Deckarm duniani.

Basi, tarehe 30 Machi 1979 timu yake ilikwenda kucheza Tatabánya, mji wa Hungaria. Katikati ya mchezo Deckarm aligongana na mchezaji wa upande wa pili. Hapakuwa na ugomvi, ni mbio tu za mpira. Akaanguka chini, kichwa kikapiga sakafu. Sakafu ilikuwa ya saruji, juu yake imetandikwa plastiki nyembamba. Sisi tunaocheza mchangani tukianguka tunajipangusa vumbi, tunaendelea. Saruji haina huruma hiyo.

Alilala bila fahamu siku 131. Hesabu: ni zaidi ya miezi minne. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Alipozinduka, ubongo ulikuwa umeumia vibaya. Kusema hawezi. Kutembea hawezi. Mtu aliyekuwa anasoma chuo kikuu sasa alifundishwa kutamka neno moja moja, na kupiga hatua huku ameshikwa. Sisi tulioshika kalamu tukiwa na wajukuu tunajua jinsi mkono wa mtu mzima unavyokataa mambo mapya. Lakini mkono wetu ulikuwa mzima. Wake ulikuwa umesahau hata yale ya zamani.

Hakuachwa peke yake. Wazazi walimuuguza. Wenzake wa timu walicheza michezo ya kumchangia fedha, na shirika la kusaidia wanamichezo likafungua mfuko kwa jina lake. Kuanzia mwaka 1982 alikuja Werner Hürter, mwalimu wake wa mpira wa zamani. Huyu ndiye tunayemsifu kuliko wote. Kutoa fedha mara moja si kazi kubwa. Yeye alimfanyisha mazoezi siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka: kunyoosha viungo, kudaka mpira, kutembea, kusema.

Hakupona kabisa. Uwanjani hakurudi, na kiti cha magurudumu kilibaki chake. Ila alijifunza tena kusema, akaweza kuongea na watu na kucheka nao. Mwaka 2013 Wajerumani walimwingiza katika orodha ya heshima ya wanamichezo wao wakubwa. Mwaka 2018 alihamia nyumba ya kutunzia wasiojiweza huko Gummersbach, karibu na wale aliocheza nao. Januari 2024 alitimiza miaka 70.